Nilimwonyesha Baba Dawa ya Prosesa Nikamwambia ni Chumvi

Kosa ni langu. Ningekuwa na mtu wa kumbebesha hata nusu yake ningembebesha, maana ndiyo tabia yangu, na utaiona mwenyewe ukiendelea kusoma. Safari hii nimetafuta kila pembe nimemkosa. Jina langu silitaji, na ya wengine nimeyabadili. Watu wa Mbwera, kisiwani kwetu kwenye delta ya Rufiji, mtakaosoma mtanijua kabla hamjafika katikati, na hilo nimeshalikubali.

Mimi ndiye yule mnayemwita Injinia. Nikiliandika tu hilo neno natamani nilifute. Injinia wa nini? Nilikaa Kibiti mjini kwenye kiduka cha kuchapa na kutoa kopi, nikajifunza kufungua kompyuta kwa kuangalia video kwenye simu na kwa kuharibu za watu wenye subira. Niliporudi kisiwani na kibegi changu cha bisibisi, hapakuwa na mwingine anayejua hata pa kuwashia. Basi nikavikwa cheo, nacho kikanikaa vizuri tu kichwani, nikaanza na kutembea kwa maringo.

Baba yangu ni mwalimu wa chuo cha Kurani pale kijijini, na ndiye anayetuswalisha. Ndugu zetu walioko Dar walichangishana wakanunua kompyuta ya mezani, iliyotumika lakini nzima, wakasema iwe ya chuo. Watoto wajifunze kuchapa, wasikilize kisomo, na wale wa shule ya msingi wafanyie masomo yao humo. Baba alifurahi kama kajengewa msikiti mpya.

Aliyeileta kutoka bandari ya Nyamisati ni mchumba wa mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu nitamwita Zuhura, na huyo mchumba nitamwita Saidi. Saidi alikuwa na boti ya mashine, akipakia abiria na mizigo kwenda na kurudi. Posa yake ilishapokelewa, na tulikuwa tunangoja mpunga uvunwe tu ndipo tufanye harusi.

Siku ile maji yalikuwa mabaya. Abiria walishuka wameloa chapachapa, mama mmoja anaapa hapandi boti tena mpaka afe. Boksi la kompyuta lilishuka kavu. Saidi alikuwa amelifunga kwa nailoni, juu yake turubai, juu ya turubai blanketi lake mwenyewe la kulalia, na mashine ya boti alimwachia mwenzake ili yeye alikumbatie njia nzima. Wanawake waliokuwa wakisubiri mizigo yao pale wakaanza kumtania.

"Saidi, bi harusi ndiye huyo, au yuko mwingine?"

Akacheka, akasema, "Huyu nikimlowesha, yule mwingine sipewi."

Nailoni niliifungua mimi, kwa mikono yangu. Ndani palikuwa pakavu kabisa, hata vumbi la dukani lilikuwa bado limekaa juu ya sipiyu. Naomba ulishike hilo, kwa sababu mimi nililishika tangu siku hiyo na sikulisahau hata kidogo.

Kompyuta ikafanya kazi. Tatizo lilikuwa umeme. Kwetu tunatumia sola, na betri tuliyokuwa nayo ilikuwa imechoka. Watoto wakiingia chuoni alasiri, hawajafika mbali, inveta inaanza kulia, skrini inazima, wote wanaguna. Baba akawa analalamika kila siku kwamba kitu hiki kinakula umeme kuliko watu wanavyokula wali.

Nami na kiherehere changu nikamwambia, "Niachie mimi, baba. Naweza kuifanya ile umeme kidogo."

Nilikuwa nimeona video. Bwana mmoja anaongea harakaharaka, anaonyesha namna ya kuingia kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta, ile inayotokea ukibonyeza kitufe mara tu unapowasha, halafu unapunguza volti zinazokwenda kwenye prosesa. Prosesa ndiyo akili ya kompyuta, ndiyo inayomeza umeme mwingi. Volti zikipungua, ulaji unapungua. Mwishoni yule bwana alisema jambo kuhusu tahadhari, lakini bando lilikuwa linakwisha, nikaikata.

Nikachagua siku ambayo hakuna chuo, nikajifungia. Nikapunguza kidogo, ikawaka. Nikapunguza tena, ikawaka. Kila ikiwaka kichwa kinanivimba. Nikajiona tayari baba anawaambia watu msikitini kwamba mwanawe kaizidi akili sola. Basi nikazishusha volti kwa pupa, nikahifadhi, nikawasha upya.

Giza.

Feni zinazunguka, taa ya mbele inawaka, skrini nyeusi tii. Hata ule mlio mfupi inaoutoa ikianza haukusikika. Nikazima, nikawasha. Hivyo hivyo. Nikabadili waya wa skrini. Nikachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, nikaisugua meno yake kwa kifutio cha penseli kama tulivyozoea pale Kibiti, nikairudisha. Hamna. Nikachomoa diski, nikawasha bila diski. Hamna. Kuingia tena kwenye mipangilio nirudishe volti nisingeweza, maana ili uingie lazima uone, na skrini haionyeshi kitu.

Nikafika mahali pa kufungua kila kinachofunguka, kama afanyavyo mtu asiyejua analofanya. Nikang'oa feni ya juu ya prosesa. Hapo katikati huwa kuna dawa nyeupe inayopakwa ili joto la prosesa lipite kwenda kwenye chuma cha feni. Ikikaa sana inakauka, inakuwa ngumungumu. Nikaikwangua, nikaifuta kwa kitambaa, nikapaka nyingine niliyokuwa nayo kwenye kibegi, nikafunga, nikawasha. Hamna kitu.

Ndipo mlango ukagongwa. Baba anatoka kuswali adhuhuri. Nikamfungulia, nifanyeje? Akaona kompyuta imetapakaa mezani mithili ya samaki anayeparuliwa.

"Kulikoni tena, mwanangu?"

"Imegoma kuwaka, baba."

"Jana si ilikuwa inawaka?"

Nikajifanya natafuta bisibisi. Macho yake yakaangukia kile kitambaa. Pale nilipofutia dawa palikuwa na unga mweupe umegandia, mwingine una punjepunje.

"Hicho cheupe nini?"

"Chumvi, baba."

Wallahi sikuwa nimeipanga. Lilitoka tu, laini, kana kwamba lilikuwa linangoja kuulizwa. Na ukiwa kwetu, hakuna uongo rahisi kuliko huo. Chumvi imekula mabati yetu, misumari, mashine za boti, bawaba za milango. Kitu chochote cha chuma kikifa delta, wa kwanza kushukiwa ni chumvi, na mara nyingi ndiye kweli.

Baba akauliza imeingiaje humo. Nikamjibu, "Si ile siku ya boti? Maji yaliingia. Chumvi haili siku moja, baba, inakula polepole."

Akatikisa kichwa, akaamini. Halafu akanyoosha kidole achote aonje, maana watu wa kwetu chumvi tunaitambua kwa ulimi. Nikamdaka mkono.

"Usionje, baba. Imechanganyika na dawa za kiwandani, ina sumu."

Akaurudisha mkono, akaniambia ahsante mwanangu. Nakwambia aliniambia ahsante. Kile kitambaa kilikuwa mbele yangu, na badala ya kukitupa nikakikunja vizuri nikakiweka, nikijua kitahitajika.

Saidi aliitwa siku hiyo hiyo. Alikuja na furaha yake, amebeba kamba wengi wa mboga. Baba akamketisha mkekani, akamweleza kwa upole. Mimi nikadhani Saidi atasema basi samahani Mwalimu, labda yaliingia, na mambo yataisha hapo. Mtu yeyote angesema hivyo mbele ya mkwe. Maji ni maji, hakuna anayemlaumu mtu kwa mawimbi.

Saidi akasema, "Mwalimu, halikuingia hata tone. Nililifunga mwenyewe, nikalishika mwenyewe."

"Sikulaumu, Saidi. Nakuuliza tu."

"Na mimi nakujibu. Halikuingia." Kisha akanigeukia. "Shemeji, nailoni ulifungua wewe. Ilikuwa na maji?"

Baba akaniangalia. Zuhura alikuwa ndani nyuma ya pazia, na najua alikuwa anasikiliza.

Nikasema, "Sikumbuki vizuri, shemeji. Huenda hukuona tu."

Huenda hukuona tu. Ona nilivyokuwa mwema. Hata kumsingizia nilimsingizia kwa sauti ya kumtetea. Akainuka, akaaga kwa adabu. Kamba wake tuliwala kwa nazi jioni ile, na nilirudia.

Sasa sikiliza uchafu wenyewe, maana hapo ulikuwa haujaanza.

Siku zilizofuata nilikuwa napanda kwenye kile kichuguu ambapo mtandao unashika, nasoma kwenye simu mambo ya watu waliochezea volti za prosesa wakapata skrini nyeusi. Kumbe ni wengi. Kumbe dawa yake ni kitu cha kijinga kabisa. Kwenye ile bodi kubwa ya ndani kuna kibetri kidogo cha duara, cha saizi ya sarafu, kama cha saa ya mkononi. Hicho ndicho kinachoifanya kompyuta ikumbuke mipangilio yake. Ukichomoa umeme, ukakitoa kibetri, ukangoja kidogo, ukakirudisha, inasahau yote uliyoivuruga na inaanza kama ilivyotoka kiwandani.

Nikafanya hivyo. Nikawasha, ikalia ule mlio mfupi, picha ikatokea, na maandishi ya kusema mipangilio imepotea na tarehe si sahihi. Nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, nikakaa kitako.

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yangu. Ningemwita baba nimwambie, baba, haikuwa chumvi, ni mimi nilichezea volti, nimeirudisha, Saidi alisema kweli. Angenikaripia. Angenicheka mbele ya watu, na wangenicheka msimu mzima. Injinia kaua kompyuta kwa ubahili wa umeme. Nilivisikia vile vicheko masikioni, nikaona siviwezi.

Nikamwita baba nikamwambia, "Imepona. Nimeisafisha chumvi yote kwa spiriti."

Basi ikawa sherehe. Baba akawaambia watu, watu wakaambiana. Mashine iliyoliwa na chumvi, mtoto wa Mwalimu kaifufua. Wazee wanavua kofia kunipa mkono. Wakanitaka niwaonyeshe ilivyokuwa, na mimi nikaenda kukitoa kile kitambaa. Nilikuwa nimekitunza, nakwambia. Nikawakunjulia mbele yao, wakainama kuangalia dawa ya prosesa, wakasema Mungu mkubwa, chumvi yote hiyo. Na kila aliyeiona akawa shahidi dhidi ya Saidi bila kujua. Maana kama chumvi ilikuwepo na ikasafishwa na mashine ikawaka, basi maji yaliingia. Na kama maji yaliingia, Saidi mwongo.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Saidi alisimama akaomba Msahafu.

Baba alijaribu kumzuia. "Saidi, mwanangu, hili ni jambo dogo. Usiape kwa jambo dogo."

"Kwako dogo, Mwalimu. Mimi nimeitwa mwongo, tena nyumbani ninapotaka kuoa."

Akashika Msahafu kwa mikono miwili, akaapa kwamba maji hayakuligusa lile boksi tangu alipolipokea mpaka alipolikabidhi. Sauti haikutetemeka. Nje nilisikia kuku wanaparura. Baba akageuza shingo taratibu akanitafuta, nami nilikuwa nimekaa nyuma karibu na viatu. Nadhani alikuwa ananiomba. Sijui aliniomba nini, kwamba niseme nimekosea labda, au kwamba inawezekana. Nikainamisha macho nikahesabu nyuzi za mkeka.

Kiapo kile kilikuwa cha kweli na ndicho kilichomwangamiza. Kukana maji, watu wangesamehe. Lakini kushika Msahafu juu ya uongo, kwetu huyo mtu tena hana pa kushikia. Na wote walikuwa wameiona chumvi.

Zuhura alinifuata uani. Nilikuwa natengeneza waya wa redio. Akasimama mbele yangu, hakuketi.

"Kaka, ile chumvi uliiona kwa macho yako?"

"Niliiona."

"Si kwamba ulidhani?"

"Zuhura, kitambaa si kipo pale? Kaangalie."

Hakwenda kuangalia. Alisema, "Wewe ukisema umeiona, basi imetosha." Akaingia ndani. Baba alimwachia aamue mwenyewe, na yeye akamtuma shangazi yetu akawaambie kina Saidi kwamba hawezi kuolewa na mtu anayeapa uongo. Vitu vya uchumba vikarudishwa, nguo zikiwa zimekunjwa kama zilivyokuja.

Boti nayo ikaanza kukosa watu. Nani atakubali kukaa juu ya maji na mtu aliyekula yamini ya uongo? Wanaogopa laana ikimfika itawafika wote, na katikati ya mkondo hakuna pa kushukia. Mwanzo waliacha wazee, halafu kina mama wenye watoto, mwisho hata mizigo. Wakati mwingine namwona anatoka na boti tupu, maji yanajaa, na watu wamekaa pale pale wanangoja ya mwingine. Mimi mwenyewe nilingoja ya mwingine. Ningepandaje yake, ningekaa wapi nimwangalie usoni?

Akaiacha boti kwa nduguye, akaenda Ikwiriri.

Utasema hapo ndipo nilipozinduka. Hapana, niliendelea kula na kulala. Nikaendelea kuitwa Injinia, na nikarekebisha redio za watu, na nikasimama kwenye safu ya kwanza nyuma ya baba yangu. Ninaandika haya najitazama kama mtu anavyotazama kitu kilichooza chini ya jiwe, na hicho kitu bado kinanenepa.

Msimu wa mpunga ulipokwisha, mama yake Saidi alikuja nyumbani. Alingoja baba atoke. Mama mtu mzima, amejitanda khanga, anakaa ukingoni mwa mkeka wetu kana kwamba anaogopa kuuchafua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwako wewe, wewe ndiye unayejua vitu hivi. Nataka uniambie mimi peke yangu, sitamwambia mtu. Hakuna njia nyingine yoyote inayoweza kuifanya mashine ile izime? Isipokuwa maji?"

Alikuwa ananifungulia mlango kwa mikono yake mwenyewe. Sijapata kuona mtu anafunguliwa mlango namna ile.

"Hapana, mama," nikasema.

Akavuta pumzi. Akasema, "Basi, Mungu akulipe kheri kwa kuniambia kweli. Maana nilikuwa nagombana na watu. Nilikuwa nawaambia Saidi wangu hawezi. Sasa nitanyamaza."

Akasimama akaenda. Hata mama mtu nilimfanya aamini kwamba mtoto aliyemzaa ni mwongo. Mtu mmoja alikuwa amebaki anamwamini Saidi, na mimi nilimmaliza kwa neno moja, tena nikapewa dua.

Dua ile ndiyo iliyonishinda, nikaenda Ikwiriri. Nilimkuta Saidi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anapakia magunia, pumba zimemjaa kwenye nyusi. Alikuwa ameshaoa huko, nilisikia njiani. Tukasalimiana. Nikamwomba tusogee pembeni, nikamwambia yote bila kupunguza, volti, kibetri, kitambaa, mama yake. Nilitegemea ngumi. Kusema kweli niliitamani, ningepata pa kuanzia kujisikia mtu.

Alijifuta uso na fulana. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama anajua?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Kwangu umekuja kufanya nini? Mimi si nilikuwa najua." Alisema bila kufoka. "Mimi nilijua kutoka siku ya kwanza kwamba sikudanganya. Nenda kawaambie ambao hawajui."

Akarudi kwenye magunia. Nilibaki nimesimama na maneno yangu ya kuomba radhi, sina pa kuyaweka.

Nikaenda kwa mama yake. Nilipomaliza kusema hakunitukana. Alijifunika uso kwa khanga akalia, na alikuwa anamlilia mwanawe kwa sababu kuna siku alizomnyamazia. Aliniomba niondoke tu.

Kisha baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mara moja, "Siku ile ulinishika mkono ili nisionje?" Nikasema ndiyo. Ijumaa alisimama mbele ya watu akasema, mtu niliyemwona mwongo aliapa kweli, na mwongo ni huyu mwanangu aliyekaa pale, na mimi niliyemwamini bila kuonja sistahili kuwatangulia. Akamsukuma mwingine mbele aswalishe, yeye akarudi nyuma akasimama kwenye safu. Mpaka leo anaswali kwenye safu. Watu wamembembeleza, hataki.

Zuhura nilimwambia wa mwisho, kwa sababu ndiye niliyemwogopa kuliko wote. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta nilipokuwa naongea, nikadhani hanisikii.

Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyemkataa. Baba hakunilazimisha, niliambiwa niamue. Wewe na Saidi mlisema maneno tofauti, na yeye alishika Msahafu, na mimi nikakuamini wewe kwa sababu ni kaka yangu." Akaweka ungo chini. "Na sasa ana mke. Kwa hiyo unataka nikufanyie nini?"

Tangu hapo tunaishi nyumba moja, ananipakulia chakula, ananisalimia asubuhi. Wameshakuja wengine kumposa, amekataa. Haniambii kwa nini na mimi siulizi.

Wewe fundi mwenzangu, na wewe ambaye si fundi lakini watu wamekupa jina kubwa kuliko unachokijua, nakuonya. Ukichezea kitu cha watu kikazima, sema nimekizima mimi. Sema siku hiyo hiyo, kikiwa bado kimetapakaa mezani, kabla mtu hajakuuliza hicho cheupe nini. Wakikucheka, wacha wacheke. Kompyuta ina kibetri, unakichomoa, inasahau uliyoifanyia na inaamka nzima. Mimi nilidhani na watu wako hivyo, kwamba ipo siku nitasema kweli na kila kitu kitajirudisha kilivyokuwa. Nimesema. Hakikurudi.

Juzi tulikuwa nyumbani wawili, mpunga umeanikwa nje kwenye jamvi. Nikaona wingu linakuja upande wa baharini, nikamwita, "Zuhura, mvua inakuja, tuanue." Alitoka nje, akapita mbele yangu, akainua uso akaangalia mbingu mwenyewe, ndipo akainama akaanza kuanua.